Watoto wa Jangwani wasio na jezi: barua ya wazi kwa wanaolipanga jiji la Dar es Salaam

Waheshimiwa mnaopanga ardhi, barabara, shule na bonde la Msimbazi,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Najua mmeitikia "kazi iendelee", na hiyo kazi ndiyo iliyonikalisha barazani na kalamu tangu alasiri.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za jiji hili miaka 36, na hadi leo nikikohoa wanangu husema ni chaki. Naishi Kigogo, ukishuka Sambusa ukamwulizia Bibi Mwalimu, hata muuza mihogo atakuelekeza. Jumamosi asubuhi watoto wa jirani huja kusoma kwangu. Sitozi ada. Mwenye nacho huleta fungu la mchicha, asiye nacho huleta kelele, na vyote navipokea.

Mwezi wa pili niliwapa kazi ambayo haimo kwenye mtihani wowote. Walikuwa kumi na saba, wa darasa la tatu mpaka la sita. Nilikata manila vipande, nikagawa penseli na kalamu za rangi, nikawaambia: nichoreeni njia ya kutoka kwenu mpaka shuleni. Basi. Nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye maharage.

Nilitarajia barabara, msikiti, ofisi ya serikali ya mtaa, bendera ya shule. Vyote vilikuwemo, ila vidogo vidogo pembeni, vya kumridhisha mwalimu. Vilivyochorwa vikubwa ni vingine. Ubao wa kuvukia mtaro ulikuwa kwenye karatasi kumi na moja, na mmoja wao alichora hadi misumari. Mbwa wa gereji. Mama wa ubuyu. Baa yenye spika nje. Mkungu wa pale kwa fundi seremala, ambao kila aliyeuchora aliweka watu chini yake.

Binti mmoja wa darasa la nne alipiga alama tatu za X kwa kalamu nyekundu. Nikadhani amekosea akafuta. Akanicheka.

"Hapana bibi. Hapa nakimbia."

X ya kwanza ni kona ambako bodaboda hukata bila kupunguza mwendo. Ya pili ni kijiwe cha vijana wenye maneno yao. Ya tatu ni gofu la nyumba iliyobomolewa. Na hapa katikati? "Hapo natembea." Nikamwuliza kwa nini X, na kwa nini nyekundu. Akanitazama kama ninayemtania. Huku kwetu mtoto anaijua X nyekundu kabla hajaijua herufi yenyewe, maana ameiona kwenye kuta za nyumba za kubomolewa.

Mwingine, wa kiume, alichora daladala dogo kama kiberiti na mkono wa konda mkubwa kuliko gari zima, umezuia mlango. Hakuandika neno, na hakukuwa na haja. Sote tunazijua sauti za pale kituoni: "Wanafunzi wawili tu!" Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na siti anayokalia mtoto konda anaiona ni hasara inayopumua. Kijana huyu anasoma zamu ya mchana. Akikosa magari matatu kwenda, amechelewa. Akikosa matatu kurudi, adhana ya magharibi inamkuta bado amesimama kituoni na begi.

Karatasi iliyonikalisha chini ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu. Hakuchora njia kabisa. Alichora nyumba yao kama imekatwa kwa kisu ubavuni, unaona ndani: kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, kabati, na juu ya kabati mfuko wa salfeti umefungwa kwa kamba. Nikamwuliza mna nini mle mfukoni. Madaftari, yake na ya dada zake wawili. Wingu likikaa vibaya upande wa Pugu, kazi yake yeye ni kupandisha madaftari.

"Lakini mimi niliomba njia ya shule, baba."

"Mvua ikinyesha njia haipo, bibi."

Waheshimiwa, miaka 36 nimewakaririsha watoto kwamba mazingira ni vitu vyote vinavyotuzunguka. Hata ninyi mliikariri hiyo, na baadhi yenu huenda niliwakaririsha mimi. Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba vingi kati ya vitu hivyo vina mtu aliyevitilia saini. Kona isiyo na tuta, mtaro usio na kivuko, kiwanja kilichogeuka fremu za maduka: kila kimoja kilikaliwa kikao, au kilinyimwa kikao. Ndiyo maana barua hii nawaandikia ninyi. Wazazi nitawafikia, maana nao, nami nikiwemo, tuna letu.

Nilizaliwa Magomeni mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa natoka Mapipa peke yangu nateremka mpaka bondeni. Kule kulikuwa na bustani za mchicha na matembele, na kaka zangu walivua perege mtoni kwa chandarua chakavu ambacho mama alikuwa anakitafuta nyumba nzima. Wasichana tulicheza rede na kombolela. Wavulana walipiga chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba za katani. Mipaka yangu ilikuwa mitatu: mto, barabara ya Morogoro, na sauti ya mama. Mama akiita mara ya tatu kwa jina lako na la baba yako, ujue mchezo umekwisha na fimbo imeshachaguliwa.

Mjukuu wangu ana miaka kumi leo. Mpaka wake ni geti la bati la nyumba yangu, na komeo nimelitia mimi mwenyewe. Anaangalia katuni, anacheza gemu kwenye simu ya mama yake, anapiga mpira ukutani mpaka mpangaji wa chumba cha nyuma anagomba. Ana nguvu za kuruka ukuta ila hana pa kuzipeleka. Akitoka ninasimama getini namsindikiza kwa macho mpaka dukani, hatua themanini. Nimezihesabu.

Sisemi jiji lirudi kuwa lile. Sensa ya 1978 ilituhesabu watu 843,090 mkoa mzima. Ya 2022 ilitukuta 5,383,728. Sina ugomvi na wingi wa watu, na wengi wao nimewafundisha kusoma. Ugomvi wangu ni swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye mikutano yote ya hadhara niliyohudhuria, na nimehudhuria mingi, maana wastaafu tunaalikwa kujaza viti. Tunaulizwa magari yatapita mangapi, maji yatapita kiasi gani, wawekezaji watakuja lini. Hakuna aliyewahi kutuuliza: mtoto wa miaka kumi wa mtaa huu anaweza kufika wapi kwa miguu, peke yake, akarudi mzima? Mkilijua hilo mtajua karibu kila kitu kuhusu mtaa huo, pamoja na magari na maji.

Sheria hamzikosi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009. Tuna Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Nazitaja msije mkadhani naomba hisani.

Sasa niwaambie habari ya kiwanja chetu.

Kilikuwa nyuma ya msikiti, kikubwa kiasi cha kuchezea timu saba kwa saba, na magoli ya mawe. Mvua ikinyesha kilikuwa tope, jua likiwaka kilikuwa vumbi, na kwa watoto hali zote mbili zilikuwa sikukuu. Kwanza alikuja mtu na kibanda cha wakala wa pesa za simu, pembeni kabisa, nani atakataa? Tulikuwa tunakwenda mbali kutoa pesa. Halafu likamwagwa lori la mchanga, la mtu anayejenga, tukaambiwa ni la wiki moja. Watoto wakalifanya kilima cha kuserereka. Mchanga haukuondoka, kokoto zikaungana nao. Halafu malori yakaanza kulala pale usiku, na mlinzi akaja na mbwa. Mwaka uliofuata tuliamka tukakuta mabati yamezungushwa. Tulipouliza tukaambiwa kuna mradi wa jamii. Mabati yalipoondolewa tulikuta fremu kumi na nne zenye milango ya chuma, na goli moja la mawe limebaki nyuma ya fremu ya mwisho, limegeuka mahali pa kukojolea.

Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, na kuuliza. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu zake. Alinipa shikamoo na kiti. Akafungua ramani kwenye kompyuta, akasogeza kidole kwenye kioo mpaka mtaani kwetu. "Bibi, mbona lipo? Hili hapa, eneo la wazi." Na kweli lilikuwepo, kijani kibichi, kama jani la mgomba. Nikamwambia mwanangu, juu ya hilo jani la mgomba kuna saluni, duka la vipuri na mashine ya kusaga. Akakuna kichwa. Akaniambia niandike barua. Niliiandika. Hii ya leo ni ya pili, tofauti yake ni kwamba hii nimeiacha wazi.

Niliahidi kuwafikia wazazi. Pale kwenye fremu ya tatu ndiko ninakonunua unga. Dada wa saluni ndiye anayenisuka. Kibanda cha kwanza kilipokuja mimi niliona, na nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kupanda daladala kufuata pensheni. Watu wazima wa mtaa mzima tulipata kitu pale, kila mtu chake kidogo. Watoto peke yao ndio hawakupata, na wao hawana sauti kwenye mkutano wa mtaa. Nao hawakuacha kucheza. Walihamia barabarani. Kila mpira ukiingia saluni, dada anaukata kwa mkasi, kisha usiku anasikitika, maana ana mtoto wake katika hao hao.

Mpira umenikumbusha jambo. Watani wa jadi wawili wa nchi hii wanatembea na majina ya kwetu bondeni: wale Wekundu wa Msimbazi, hawa Watoto wa Jangwani. Siku ya dabi nchi nzima inasimama kwa ajili ya majina hayo. Mimi ni Yanga, nisamehewe na jirani zangu. Lakini kila mtangazaji anapopaza sauti "Watoto wa Jangwani!" huwa najiuliza, na wale wasio na jezi?

Wale wasio na jezi maisha yao yamepangwa na maji. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakusanya kila kinachotupwa njiani, majitaka, matope, chupa, unamwaga baharini pale Salenda. Mvua za Desemba 2011, kubwa kuliko zote zilizorekodiwa tangu 1954, ziliua watu wapatao 40 katika jiji hili. Baada yake familia za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Wengine walikaa wakajenga. Wengine walirudi bondeni kimya kimya, na mara nyingi sababu haikuwa ukaidi. Mama anafua nguo za watu Upanga. Kutoka Mabwepande, nauli inamla mshahara kabla hajauona. Nilikuwa na mwanafunzi aliyehamishwa akarudi katikati ya muhula. Nilimkuta asubuhi amekaa dawati lake lile lile, hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Kila aliyemfundisha mtoto wa bondeni anajua kusoma paji la uso msimu wa masika.

Mpango Kabambe wa 1979 ulikwishalitaja bonde hili kuwa ardhi ya hatari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Kwa hiyo sitawalaumu kwa kubomoa. Tangu 2024 nyumba nyingi zimeondoka chini ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022. Fidia imelipwa, watu wamehama. Majirani zangu wengine wako Chanika, wengine Mbagala ndani ndani huko, tunasalimiana kwa simu. Katika wale kumi na saba wangu, watatu sasa wanakuja Jumamosi kwa nauli, kwa sababu mama zao hawakutaka wakose masomo na wenyewe hawakutaka wakose wenzao.

Niseme ukweli: siku nilipoona michoro ya bonde jipya nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mto umepanuliwa, daraja jipya la Jangwani limenyanyuliwa juu ya maji, miti, nyasi, bustani ya jiji zima. Bonde letu, waheshimiwa! Lile ambalo ukilitaja mjini watu wanaziba pua. Kisha nikavaa miwani nikaangalia watu waliochorwa ndani ya bustani ile. Mwanamume anakimbia na raba nyeupe. Mwanamke amekaa kwenye benchi na kompyuta. Wazungu wawili na baiskeli. Nikatafuta mtoto aliyevaa sare ya bluu na nyeupe, ameshika viatu mkononi ili visichafuke. Sikumwona. Pengine yuko nyuma ya mti.

Maswali yangu kwenu ni ya mtu aliyezoea kukagua vyoo vya shule, mtanivumilia yakiwa ya chini chini.

Hiyo bustani itaingiliwa wapi? Nauliza kwa mitaa. Mtoto wa Kigogo ataingilia wapi, wa Mzimuni wapi, wa Hananasif wapi, wa Mchikichini wapi? Kama geti litakuwa moja, kubwa, limetazama barabara ya Morogoro kwenye maegesho ya magari, basi mtoto anayeishi hatua mia mbili kutoka kwenye nyasi atalazimika kuzunguka kwa daladala kwenda kuziona, na mkono wa konda mnaujua. Toboeni njia kwenye kila mtaa unaopakana na bonde. Njia ya miguu yenye ngazi na taa inatosha, hatuombi lami.

Kutakuwa na kiingilio? Mtaniambia ni kidogo tu, shilingi mia tano, ya matengenezo. Nyumba yenye watoto wanne hiyo ni elfu mbili, ni unga wa siku. Mtoto hachezi kwa tiketi mara moja kwa mwezi. Anacheza kila siku, nusu saa hapa, saa moja pale, kati ya kuteka maji na kuitwa. Uwanja wa kulipia kwa mtoto wa Kigogo ni sawa na uwanja wa Ulaya, anauona kwenye televisheni.

Nani atashika funguo? Hili linanitia hofu kuliko yote. Kwa Kiswahili cha Dar es Salaam siku hizi, gadeni maana yake ni mahali pa kuchomea mbuzi na kukodisha kwa kitchen party. Bustani inaanzishwa kwa ajili ya umma, miaka miwili baadaye kuna mahema meupe na mabaunsa, na mtoto akisogea anafukuzwa kama mwizi. Andikeni kwenye mkataba wa uendeshaji, sasa, kabla ya mti wa kwanza kupandwa, kwamba sehemu ya bonde iliyo karibu na makazi haikodishwi. Haikodishwi hata kwa harusi ya mtoto wa kiongozi.

Maji ya kunywa na vyoo. Binti wa miaka kumi na mbili hakai mahali pasipo na choo, anarudi nyumbani, na akirudi anapewa mtoto wa kubeba. Ndiyo maana viwanja vingi vinaonekana ni vya wavulana. Mkiona hivyo msiseme wasichana hawapendi michezo.

Na vivuli. Hapa nina ombi dogo la haraka, lisilohitaji mkopo. Ule mkungu wa fundi seremala, ulio kwenye karatasi tisa kati ya kumi na saba, umepigwa X nyekundu wiki tatu zilizopita. Barabara ya mtaa inapanuliwa, na sisi tuliiomba wenyewe, nashukuru inakuja. Lakini mkungu ule ndiko watoto wanaotoka zamu ya asubuhi wanakopumzikia saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, kabla ya kumalizia njia. Wanaokota kungu, wanapasua kwa mawe, wanagombana, wanapatana. Ukingo wa barabara ukisogea mita moja pembeni hamtapoteza kitu. Yupo mhandisi mwenye kalamu anayeweza kuipinda hiyo mistari kabla ya msumeno kufika. Namwomba aje auone kwanza, saa saba, si saa mbili asubuhi.

Kuhusu barabara kubwa sina mengi, kwa sababu dawa yake inajulikana na imejaribiwa hapa hapa. Shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi za Dar es Salaam ambako watoto walikuwa wanagongwa, likaangalia wanapita wapi hasa, likaweka matuta, vivuko, njia za pembeni za miguu, nguzo fupi za kuzuia magari, na mahali pengine likasogeza tu geti la shule litazame upande mwingine. Geti! Kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019, ikaishinda miradi ya miji mingine duniani. Haikuhitaji barabara za juu. Ilihitaji mtu asimame na watoto njiani asubuhi na kuangalia. Tunachoomba ni ile iwe kawaida, kila barabara inayojengwa karibu na shule ije na matuta na vivuko vyake siku ile ile inapofunguliwa, isisubiri sanda ya kwanza.

Mtanijibu kwamba mna wataalamu na ramani. Nami naziheshimu. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walipita mitaa hii wakiwa na simu na droni, wakachora mifereji na nyumba pamoja na wakazi, na walifika mpaka uchochoroni ambako hata posta haijawahi kufika. Walimwuliza kila mzee maji yalifika wapi, mzee akaonyesha kwa mkono ukutani, wakaandika. Ile ni kazi ya kupigiwa mfano, na inaonyesha kwamba kumwuliza mwenye mtaa hakuharibu utaalamu. Kilichobaki ni kuwauliza waliobaki, wale wafupi.

Naleta basi hizi karatasi kumi na saba. Nimezipanga, nimezifunga ndani ya salfeti kama nilivyofunzwa na mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, na nitazifikisha mwenyewe ofisini kwenu Jumatatu. Majina ya watoto nimeyafuta. Kila moja nimeandika nyuma kwa kalamu ya wino kile mtoto alichonieleza, kwa maneno yake, bila kumrekebisha sarufi, na hilo kwangu halikuwa rahisi. Msizitie kwenye faili mkaandika "imepokelewa". Ziwekeni mezani karibu na mchoro wa bustani ile nzuri, mtazame zinagusana wapi.

Kisha mje. Jumamosi saa tatu asubuhi watoto wanakuwa barazani kwangu, na wamekubali kuwatembeza kila mmoja kwenye njia yake. Yule binti wa X amesema atawaonyesha pa kukimbia. Vaeni viatu vya kutembelea, magari acheni Sambusa. Chai ya tangawizi ipo, mihogo ipo. Mkiona mvua imeanza kunyesha usiku wa Ijumaa msijisumbue, tutapanga siku nyingine, kwa sababu njia ya kufika kwangu itakuwa haipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kigogo, Dar es Salaam